Tupeane uzoefu: mliotembea kwa miguu pwani ya Mtwara hadi Lindi, yapi yaliwakuta?

Mwana Shangani:
Wakuu, salaam. Leo nafua begi langu la zamani, nikakung'uta mfuko wa pembeni ukatoka mchanga na simbi moja. Nikakaa chini kabisa. Ni mchanga wa 2017, tulipotoka Mikindani vijana watano tukaufuata ufuko: Mgao, Sudi, hadi Kitunda, tukavuka maji kuingia Lindi mjini. Siku nne. Basi linaimaliza safari hiyo kabla hujapata usingizi.

Nilipata mengi mazuri, ila siku ya pili, tumeshaiacha Mgao, niligombana na rafiki yangu wa tangu darasa la tatu. Alikuwa amebeba dumu la maji la lita tano. Tulipofika kivulini, dumu halina kitu. Nilimwambia maneno ambayo hata adui haambiwi. Tulimaliza safari bila kusemeshana, na mpaka leo tukikutana ni salamu tu.

Mliopita njia ile, tupeane uzoefu.

Korosho Ghafi:
Umenikumbusha mbali sana mkuu. Yale mawe ya matumbawe! Raba yangu mpya ilibanduka soli kabla ya adhuhuri.

Binti wa Newala:
Na mimi niseme, maana sijawahi kulisimulia lote.

Tulikuwa sita, wasichana wawili. Tuliondoka Sudi saa nne asubuhi, maji yamekupwa mpaka unaona mwamba mtupu na mabwawa madogo yanang'aa. Ufuko mpana kama uwanja wa mpira. Tukawakuta akina mama wanachokoa pweza, tukanunua wawili, tukawasha moto. Bibi mmoja akatutazama akasema, "Wajukuu, mkila hapa mtalala hapa." Tulidhani anatukaribisha.

Tumeinuka saa saba. Mbele kulikuwa na genge, jiwe limeliwa chini na mawimbi kama mdomo uliofunguka. Saa tisa tukawa tunatembea na maji ya magoti. Nikageuka nyuma, ule ufuko tulioujia haupo. Haupo kabisa! Juu hakupandiki, lile jiwe linakata kama wembe.

Tulipata kibaraza cha mwamba, tukasimama sita tumebanana. Maji yakaja kiunoni. Mwenzetu mmoja alikuwa hajui kuogelea hata kidogo na hakuwa ametuambia. Anatetemeka, anasoma Ayatul Kursiy, akifika katikati anasahau anaanza upya. Tulifunga kanga mbili pamoja, ncha moja kwenye mzizi uliotokeza jiweni, ncha nyingine kiunoni kwake, na mimi nikamshika mkanda wa suruali. Kila wimbi likija namsikia anavuta pumzi. Vidole vilikufa ganzi, sikuachia. Hivyo mpaka jua linazama.

Tulishuka gizani, saa moja na nusu. Mwezi ulipochomoza ndiyo tukaonana nyuso. Hakuna aliyesema neno. Magoti yangu yana makovu hadi leo, na nikisikia harufu ya pweza wa kuchoma tumbo linajikunja.

Kaskazi:
Kweli tupu. Maji ya saa kumi usiyafanyie mzaha.

Mzee wa Dau:
Pole binti, lakini kosa ni lenu. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa saa nne na kujaa saa kumi, asubuhi kadhalika jioni. Maji mafu, yale madogo ya mwezi nusu, ni kinyume chake. Na bamvua ya huku kusini maji hupanda zaidi ya mita 3. Hili mtoto wa pwani analijua kabla ya kujua kusoma. Mnaingia baharini kama mnaingia sokoni.

Binti wa Newala:
Mzee wangu, shikamoo. Mimi nimezaliwa juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji yenyewe tuliyafuata mwendo wa saa nzima na ndoo kichwani. Bahari niliiona nikiwa na miaka kumi na saba. Si kila mtu wa Mtwara ni wa pwani.

Korosho Ghafi:
Mzee umemjibu vibaya. Mtu anakwambia alimshika mwenzake mkanda saa nzima na zaidi, wewe unampa somo.

Mzee wa Dau:
Marahaba binti. Nimesema kwa uchungu. Nimeshaokota watu.

Ming'oko:
Turudi kwenye viatu. Raba ni kosa, zinashika maji na mchanga, unachubuka. Yeboyebo ndiyo dawa.

Kaskazi:
Yeboyebo kwenye matumbawe? Unatuulia watu. Katambuga za tairi, basi.

Ming'oko:
Katambuga kwenye tope la mikoko zinabaki chini, unatoka na mguu mtupu. Nimeona kwa macho yangu.

Jirani wa Msimbati:
Viatu vyote hivyo havikuwasaidia wenzangu. Ngojeni.

Tulikuwa wanne, tunakatisha mkono wa bahari wakati wa maji kupwa, maji ya mapajani, chini mchanga laini. Wa mbele yetu akapiga kelele moja tu, halafu akakaa majini. Tukadhani kakanyaga chupa. Tukamnyanyua, damu inatoka juu ya kifundo, na pale pembeni tukaona kivuli kipana kinaondoka. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani. Mwiba ulikuwa umepita juu ya kiatu.

Wakuu, nimeona mtu mzima akilia kwa uchungu, lakini si vile. Alikuwa anauma mkono wa begi. Mmoja wetu akasema tukate tunyonye, mwingine tufunge kamba juu ya goti. Wakaanza kushikana mashati, mgonjwa yuko chini! Akatokea mvuvi, hakuuliza kitu, akachemsha maji kwenye sufuria lake la kupikia, akayapooza kidogo, akautia mguu. Baada ya muda jamaa akaacha kuuma begi. Tukamlaza kwenye mtumbwi, usiku ule ule, tukapigwa na mawimbi mpaka kijiji cha pili, na kwenye zahanati tukakuta mlango umefungwa na

Korosho Ghafi:
Na nini? Mkuu usituache njiani!

Kaskazi:
Alipona?

Mwana Shangani:
Jamani uzi wangu umeshachukuliwa, lakini hata mimi nasubiri.

Nesi wa Zamu:
Wakati tunasubiri: yule mvuvi alifanya sawasawa. Sumu ya taa inavunjwa na joto. Maji ya moto anayoyavumilia, jaribuni kwanza kwa mkono wenu maana yeye hatajua akiungua, dakika 30 hadi 90. Msikate, msinyonye, msifunge kamba. Kisha hospitali, kipande kinaweza kubaki ndani, na sindano ya pepopunda.

Ming'oko:
Kwetu tunapaka utomvu wa papai.

Nesi wa Zamu:
Papai kuleni. Mguu utieni kwenye maji ya moto.

Jirani wa Msimbati:
Samahani, chaji iliisha. Alipona. Mlango ulifunguliwa alfajiri. Kipande kilibaki, kikatolewa baada ya wiki tatu. Kusi likivuma anachechemea. Mkiingia majini msinyanyue miguu, iburuteni mchangani, taa akisikia anaondoka mwenyewe. Na mdomo wa Ruvuma msithubutu kuuvuka kwa miguu, kule kuna viboko na mamba.

Kaskazi:
Na kila kijiji mripoti kwa mwenyekiti kabla ya kutafuta pa kulala. Sisi hatukuripoti, tulihojiwa hadi usiku wa manane.

Dumu Tupu:
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu, nimetumiwa na dada yangu. Mwana Shangani, mimi ndiye niliyebeba lile dumu.

Sikuyanywa. Niliteleza pale kwenye mawe marefu baada ya Mgao, dumu likagonga, likapasuka mshono wa chini. Nilihisi mgongo umelowa nikadhani jasho. Nilipogundua nilikuwa nimeshafika kivulini, na wewe umeshaanza kusema. Ulisema mbele ya watu wote kwamba nimezoea kula vya wenzangu, na ulijua nyumbani kwetu hali ilikuwaje. Nikaona nikijieleza nitalia.

Binti wa Newala:
Ya Rabi.

Mwana Shangani:
Ndugu yangu. Sikulitazama hata lile dumu. Nimesoma mara tatu, mikono haitulii. Bado unakaa Ligula? Nakuja kesho baada ya kazi.

Dumu Tupu:
Nipo. Njoo baada ya magharibi, mama atakuwa amerudi.

Ming'oko:
Nasisitiza, kwenye tope yeboyebo.

Mzee wa Dau:
Mkitaka kurudia njia ile, ngojeni mwezi uandame. Ukifika siku ya tatu ondokeni saa mbili asubuhi, mtayafuata maji yakitoka. Saa saba muwe juu, hata kama mbele panaonekana pazuri. Na binti wa Newala akikubali, nitakwenda naye mimi mwenyewe.

Binti wa Newala:
Nitafikiria, mzee. Kwa sasa hata Mikindani nakaa upande wa barabara.