Lofoi na Kiubo: tuende mwezi ya ine ao tungoje mwezi ya saba?

Papa_Mapacha (Katuba)
Jambo yenu bote. Naomba mashauri kwa bale benye kufikaka kule. Nimepata konje ya siku kumi, patron anasema nichague mwenyewe, Pasaka mu mwezi ya ine ao kuanzia 30 juin. Bibi yangu anataka batoto baone maporomoko ya Lofoi na Kiubo, juu toka tunazaliwa hapa Lubumbashi tunasikia paka majina, foto tunaziona kwa bageni, shiye benye inchi hatuyafikaka. Mutoto aliniuliza "papa wewe ulifikaka?" nikamwambia akule bukari kwanza.
Motoka ni Toyota IST. Mama mukwe naye anasema atakuya, miaka 68, maguu inamuuma. Nataka mayi ikuwe mingi NA barabara ikuwe muzuri, inawezekana?

Shofa_Muzee
Mwanangu, byote bibili njo ngumu, hapo njo kuko shida yenyewe. Mwezi ya ine mvula inaanza kuisha, muto Lufira imejaa, Kiubo unaisikia mbele ya kuiona. Lakini mpaka Likasi tu njo uko na gudro (lami), kilometa 120, kisha unakamata njia ya Bunkeya (kwa Msiri kule, mwami wa Bayeke wa zamani, ukipita simama uonyeshe batoto) na kuendelea upande wa Mitwaba, ni udongo, na udongo yenye kunywa mvula toka mwezi ya kumi na moja haina huruma. Mwaka moja nililala siku mbili mu matope na kamiyo ya unga, tulikuwa tunapika unga ya mwenye mali na yeye anatuangalia. IST ibakie kwenu, uombe katkat (motoka ya 4x4) kwa ndugu.

Yaya_wa_Kamalondo
Kwa Lofoi mi nilienda mara mbili, mwezi ya tano na mwaka ingine mwezi ya kenda. Hakuna mutu atanidanganya tena. Mwezi ya tano mayi inaanguka mara moja tu, zaidi ya mita 300, hapana kwa ngazi ngazi, unasimama pale unasahau hata kutosha telefone. Mwezi ya kenda ilikuwa kamba tu, upepo inaisukuma inapotea mbele ifike chini, na njia ni ile ile, esansi ni ile ile, kuchoka ni kule kule. Tena mwezi ya munane na ya kenda batu banachoma majani, moshi inafunika bonde yote ya Lufira, ule mgongo wa milima ya Kundelungu, kwenye iko Lofoi, hauoni. Kwa ile foto unataka, usichelewe kupita mwanzo wa mwezi ya saba.
Ila baridi!! Kule juu inapita mita 1600, usiku ya juin na juillet utatafuta blanketi ya jirani. Mama mukwe mubebee makoti mbili.

Boyi_Kasumbalesa
Mi naona munajitesa bure, pandeni Kasumbalesa muende Mosi-oa-Tunya (Victoria Falls) kule Livingstone, gudro mpaka kwa mulango, hata IST inafika. Pasporti, kadi ya manjano (ya chanjo), karatasi za motoka, kisha ukumbuke Zambia banatembelea kushoto. Kule pia wakati ni kitu: mwezi ya ine mayi ni mingi hadi ule ukungu unafunika yote, unalipa unaona paka weupe na unarudi umelowa kama uliogea na manguo. Mwezi ya kumi upande wa Zambia unabakia mawe. Julai njo sawa.

Shofa_Muzee
@Boyi iko muzuri lakini ile ina mita 108 tu. Yetu inaipita mbali, na mutoto alisema Lofoi.

Mama_Bowa
Muko munasema mbaya mvula kama vile haina kitu. Mwezi ya kwanza ukienda Likasi unakuta bamama na mabeseni ya bowa kando ya njia, majani mabichi kila pahali, hewa inanukia udongo. Kwa mama mukwe wa maguu mabaya usimupeleke Lofoi, kule kuna kutembea, mumuache Likasi kwa batu benu ao mumupeleke Mwadingusha akule samaki ya ziwa Tshangalele. Na mbele ya kufunga mizigo pita kwanza kwa ICCN (benye kuchunga parki) uulize njia gani iko wazi na usalama iko namna gani wiki ile, usisikilize shiye tu, mi toka miaka tatu sijafika.

Papa_Mapacha (Katuba)
Aksanti sana. Basi tunatoka 30 juin asubuhi, Kiubo kwanza, kisha Lofoi kama ICCN banakubali. Shemeji amekubali kunipa Land Cruiser yake lakini anasema naye atakuya, na bibi yake, sasa tuko bamingi kupita viti. Mama mukwe nilimwambia mambo ya Mwadingusha na samaki. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza Lofoi iko na ngazi ngapi.

Mama_Bowa
Hakuna ngazi, mwambie ile ile.

Papa_Mapacha (Katuba)
Nilimwambia. Amenunua viatu vya bote (botte) bipya.