Ushauri: Naombwa niwe mkuu wa taaluma shule ya misheni, na nyumbani nimeshaelemewa

Mama Mwalimu (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naomba ushauri, hasa kwa walioko kwenye utume au waliokulia nyumba za misheni.

Mimi na mume wangu tulitumwa na kanisa letu nje ya nchi. Aliyeajiriwa ni yeye. Anafundisha chuo cha Biblia na sekondari iliyo ndani ya uzio huohuo. Mimi nilikuja kama mke. Mwalimu wa hesabu akaondoka katikati ya muhula, nikaombwa nishikilie kidogo mpaka apatikane mwingine. Huyo mwingine hajapatikana mpaka leo. Sasa bodi inataka nichukue ukuu wa taaluma kuanzia muhula ujao: ratiba, mitihani, na kukimbizana na walimu wanaochelewesha maksi.

Tuna watoto watatu. Shule inayofundisha kwa lugha wanayoielewa iko mbali na ni ya bweni, kwa hiyo wawili wakubwa nawafundisha mwenyewe nikitoka kazini. Meza ni moja: upande huu rundo la madaftari ya kusahihisha, upande ule wanangu na hesabu zao za sehemu. Uvumilivu wote nimeshaumalizia kwa watoto wa watu. Wa kwangu akikosea mara mbili tu, sauti imepanda. Katikati ya hapo hodi haziishi: huyu anaumwa, yule ada haijafika, mwingine amegombana na mwenzake bwenini.

Mdogo wetu siku hizi tukiwa mezani ananyoosha mkono kabla ya kusema, na baba yake anamwita "Mwalimu" kama wanavyomwita wote. Wageni wanacheka. Mimi sicheki.

Mume wangu si mtu mbaya jamani, msianze kumshambulia. Anasema huu ni wito, tutapumzika tukirudi. Nikikataa cheo nitaonekana nimepoa kiroho. Nikikubali, sijui wanangu watafundishwa na nani. Ninyi mngefanyaje?

Mkongwe

Marahaba binti yangu. Nimefundisha shule za misheni mpaka nimestaafu, kwa hiyo nakuelewa. Ila wito una gharama. Mmisionari David Livingstone aliwapandisha mkewe na watoto melini Cape Town mwaka 1852, yeye akarudi bara kuendelea na kazi. Wangesema "nyumbani nimeelemewa", Injili ingefika wapi? Kubali cheo. Utafuteni kwanza ufalme wake, hayo mengine mtazidishiwa.

Mtoto wa Misheni

Mzee, kwa heshima zote, hadithi umeikatia njiani. Mkewe Mary na watoto walikaa Uingereza zaidi ya miaka minne bila yeye, wakihangaika na pesa na pa kukaa. Baadaye alimfuata mumewe huku Afrika, akafa kwa homa Shupanga, kando ya Zambezi, mwaka 1862. Mwana wao wa kwanza, Robert, aliishia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akapigana kwa jina lisilo lake na kufia huko 1864. Na Livingstone mwenyewe aliandika kwamba alipokuwa kwenye misheni yake ya Kolobeng kazi ilimchosha kiasi kwamba jioni hakubakiwa na nguvu ya kucheza na wanawe, na kwamba alijutia hilo. Kwa hiyo ukimtaja kama mfano, mtaje mzima.

Dada, mimi ni mmoja wa hao watoto. Nimekulia ugenini, wazazi wote walimu wa misheni. Mwanasosholojia Ruth Useem, aliyefuatilia familia za Wamarekani waliokuwa wakiishi India miaka ya 1950, aliona kwamba watoto wa namna hii hawawi wa kwao kamili wala wa ugenini kamili, wanatengeneza utamaduni wa tatu. Ni kweli, na si ugonjwa. Wengi tunaishi vizuri tu, lugha mbili tatu kichwani, na hatuogopi viwanja vya ndege.

Kilichotuumiza sisi ni kingine. Kila mtu alikuwa na haki ya kubisha hodi kwetu isipokuwa sisi. Na wageni wa makanisa wanaotuchangia wakija, tulifundishwa kusema tunapapenda. Waache wanao waseme hawapapendi siku wasipopapenda. Na marafiki wao wakihama, maana kwenye misheni watu wanahama kila mara, wapewe nafasi ya kuagana vizuri. Msiwaambie tu "mtaonana mbinguni".

Katibu Mstaafu

Nimekaa ofisi ya utume ya kanisa kwa muda mrefu, nikipokea barua kama hii yako. Kabla ya wito, nijibu matatu. Kibali chako cha kuishi huko kinasemaje? Una barua yoyote ya kazi? Posho inaingia kwa jina la nani?

Mama Mwalimu

Kibali changu ni cha mtegemezi wa mume. Barua sina. Posho ni moja ya familia, inaingia kwake. Kumbe ina uhusiano?

Katibu Mstaafu

Uhusiano mkubwa! Simama hapohapo. Nchi nyingi mtegemezi haruhusiwi kufanya kazi, na zipo zinazohesabu hata kujitolea kuwa ni kazi. Afisa uhamiaji akikukuta na chaki, hatakuuliza kama unalipwa. Na shida haitaishia kwako, inaweza kugusa kibali cha mumeo na shule yenyewe. Nenda ukasome masharti yaliyoandikwa kwenye kibali chako, usimuulize jirani.

Kama sheria ya huko inataka kibali cha kazi, shule ndiyo ikuombee. Ili ikuombee, lazima iandike wewe ni nani, vipindi vingapi, saa ngapi, unaripoti kwa nani. Hapo ndipo pa kuweka masharti yako. Leo huna pa kuyaweka kwa sababu kikaratasi hakuna. Makanisa yanapenda sana kutuma mmoja na kupokea wawili, nasema hivyo nikiwa nimekaa upande wa wanaotuma.

Mengine mawili haraka. Uliza kama bajeti yenu ina fungu la elimu ya watoto. Mashirika mengi ya utume yanalo na familia haziombi. Pili, hiyo "tutapumzika tukirudi" ya mumeo. Likizo ya nyumbani ni kuzunguka makanisa kuhubiri, kutoa taarifa na kuchangisha. Wiki za mapumziko zisipoandikwa kabla ya safari, hazipatikani.

Baba Pacha

Katibu kaongea. Mimi nauliza shemeji yuko wapi kwenye uzi huu. Anafundisha watoto wa watu kutwa, wa kwake anamwita Mwalimu na hajawahi kumfundisha!

Halafu hizo hodi. Shule ya bweni lazima iwe na mwalimu wa zamu, matroni, patroni. Kama mtoto anaumwa usiku anakuja kwenu, maana yake zamu ya huko haifanyi kazi, na ninyi mmekuwa zamu ya kudumu. Hilo ni la mkuu wa shule kurekebisha, na halina mjadala wa kiroho.

Ila kiroho nako twende. Kitabu cha Kutoka sura ya 18 tunaihubiri sana, Yethro akimwambia Musa agawe kazi. Hebu someni mwanzo wa sura. Yethro alifika amemletea Musa mkewe Sipora na wanawe, Gershomu na Eliezeri, waliokuwa wamerudishwa kwa babu yao. Familia kwanza, ushauri wa kazi kesho yake.

Mkongwe

Sura nimeifungua, ni kweli. Bado naamini cheo ni heshima na binti huyu anakiweza. Lakini kibali ni sheria, hapo nimekubali.

Mama Mwalimu

Asanteni wote. Nimeangalia kibali na masharti yake: kazi hairuhusiwi, yenye malipo au isiyo na malipo. Nilimwonyesha mume wangu, akakaa kimya, kisha yeye mwenyewe akasema tuandikie bodi. Cheo sikipokei. Kufundisha nako nasitisha mpaka shule ishughulikie kibali, na barua ikija tutaongea vipindi. Lazima Kidato cha Nne wataumia na hilo linaniuma.

Ya watoto, amechukua Jumanne na Alhamisi jioni. Zamu ataipeleka kwenye kikao cha walimu. Fungu la elimu nimeandika kuuliza.

Baba Pacha

Safi. Hizo Jumanne na Alhamisi asikae nao kwenye meza yenye madaftari ya kusahihisha. Ayaache ofisini, na simu pia.