Nimelipia bima ya kamera za kukodi, zimeibiwa, bima imemlipa mwenye mali, na bado nimeshtakiwa kwa milioni 34

Wakuu habari za saa hizi. Naandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kwenda kwa mpangilio ili mwenye kujua sheria anisaidie, na mwenye kazi kama yangu ashtuke mapema.

Mimi ni mpiga video za harusi hapa Dar. Nina kamera yangu moja, kazi ikiwa kubwa nakodi. Wengi wetu mjini tunaishi hivyo, maana seti kamili ya kamera mbili za maana, lenzi, gimbo na droni ukienda kuinunua ni bei ya kiwanja. Mwezi wa 8 mwaka jana nikapata kazi Morogoro, sendofu Ijumaa na harusi Jumamosi. Nikaenda kwenye duka la kukodisha vifaa nililolizoea. Nimekodi kwao zaidi ya miaka mitatu na sijawahi kupoteza hata kizibo cha lenzi.

Kukodi ilikuwa 250,000 kwa siku, siku tatu, jumla 750,000. Halafu kukawa na mstari mwingine ambao zamani haukuwepo: "Bima siku 3 – 90,000/=". Nikauliza hii ya nini. Meneja akanijibu mbele ya kijana wangu wa droni: "Kaka, hii ni kwa usalama wako. Likitokea la kutokea, sisi na bima tunamalizana, wewe huguswi." Nikalipa. Nikaacha na dhamana, laki tano taslimu pamoja na kadi orijino ya gari yangu, IST ninayobebea vyombo.

Sasa angalieni hili, maana baadaye ndiyo limekuwa roho ya kesi. Ile 750,000 nilikatiwa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ile 90,000 ya bima haimo kwenye EFD. Imeandikwa kwa peni ya bluu kwenye kitabu cha risiti cha kawaida, ina muhuri na saini ya meneja. Siku ile sikuliona kama ni tatizo. Leo naiweka risiti hiyo kwenye bahasha ya nailoni ndani ya droo, kama cheti cha kuzaliwa.

Kazi ilikwenda vizuri. Jumapili asubuhi tulikuwa gesti, watu watatu, tunajiandaa kurudi. Tukafunga mlango, funguo mfukoni mwangu, tukavuka barabara kunywa chai na chapati. Hatukumaliza nusu saa. Tunarudi, mlango uko wazi, kitasa kinaning'inia kwa skrubu moja, vibanzi vya mbao vimetapakaa sakafuni. Begi la nguo wameliacha kama lilivyo. Begi jeusi la kamera hakuna. Waya wa chaja ulibaki kwenye soketi, chaja yenyewe wameichomoa na kuondoka nayo. Kadi za memori zilikuwa mfukoni mwa suruali niliyovaa, nashukuru Mungu kwa hilo, maharusi wakapata video yao.

Nilifanya kila kitu ambacho mtu anatakiwa kufanya. Nilimpigia meneja tukiwa bado tumesimama mlangoni. Nilikwenda polisi saa ile ile, askari wakaja, wakapiga picha mlango, nikaandika maelezo, nikapewa RB, yaani namba ya taarifa ya polisi. Namba za kila kifaa nilikuwa nazo kwenye fomu ya makabidhiano, zote zikaingia kwenye maelezo. Mwenye gesti akasema mali ya mgeni si jukumu lake, akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani. Huyo nitapambana naye siku nyingine.

Wiki ya pili akanipigia asesa wa kampuni ya bima, yule anayekagua hasara kabla dai halijalipwa. Mtu muungwana kabisa. Alikuja Dar nikampa maelezo, akaenda mwenyewe hadi Morogoro, akaongea na mpelelezi, akapima mlango. Mwishoni akaniambia: "Hapa kuna uvunjaji wa wazi, sioni kwa nini dai lisilipwe." Wakuu, siku hiyo nililala usingizi. Nikajua ile 90,000 imefanya kazi yake.

Miezi miwili kimya. Nikipiga dukani kuulizia laki tano yangu na kadi ya gari naambiwa "subiri, bado tunashughulika na bima". Kisha siku moja kijana wa pikipiki akaniletea bahasha. Notisi ya wakili, siku 14. Nadaiwa thamani yote ya vifaa, 18,400,000, pamoja na hasara ya kukosa kukodisha, 250,000 kwa siku kwa siku 64, yaani 16,000,000. Jumla 34,400,000. Neno bima halimo hata mara moja kwenye barua nzima. Niliigeuza nyuma na mbele nikilitafuta.

Nikaenda mwenyewe ofisi za bima. Afisa wa madai akaangalia kwenye kompyuta, akanitazama kwa mshangao: "Hili dai mbona tulishalilipa?" Wamelipa thamani yote, kasoro ekses ya asilimia 10, yaani ile sehemu ya hasara ambayo mwenye bima anaibeba mwenyewe. Piga hesabu: 18,400,000 ukitoa 1,840,000 unabaki na 16,560,000. Hela hiyo ilikuwa imeshaingia kwa mwenye duka kabla hajamtuma wakili wake kwangu!

Nikaomba nakala ya hati ya malipo. Hapo mlango ukafungwa. "Wewe si mteja wetu. Mkataba wa bima ni kati yetu na mwenye mali, wewe humo." Nikamuuliza, sasa ile 90,000 niliyolipa ilikwenda wapi? Akanijibu kwa upole tu kwamba wao wanapokea ada moja kwa mwaka kutoka kwa mwenye duka, na habari ya 30,000 kwa siku hawaijui. Wakili wangu akaandika barua rasmi, wakajibu kwa mistari miwili kwamba dai "lilishalipwa na kufungwa". Kiasi hawakukitaja.

Hebu mnielewe hapo. Duka lina bima moja ya mwaka kwa vifaa vyake vyote. Kila mteja anayekodi anakatwa 30,000 kwa siku kwa jina la bima. Tulivyo wengi tunaokodi pale, kila wikiendi, ni fedha ngapi hizo? Na hati inapotoka, jina la mteja halimo popote. Tunalipia paa la nyumba tusiyoruhusiwa kuingia mvua ikinyesha. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuuza bima bila kusajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, awe kampuni, wakala au dalali. Duka la kamera ni nani kati ya hao?

Nilipomuuliza meneja kwa simu, maneno yalishabadilika. Eti ile haikuwa bima, ilikuwa "ada ya huduma". Nikamwambia umeandika bima kwa mkono wako. Akasema ni lugha tu ya kibiashara. Lugha! Mimi nimetoa hela kwa sababu ya neno hilo. Ungeandika "ada ya huduma" ningekuuliza huduma gani na nisingelipa.

Kuna jambo jingine lililonikata maini zaidi ya hilo. Mwezi wa 11 nilikuwa kwenye harusi Mbezi kama msaidizi wa mwenzangu, naye alikuwa amekodi vifaa duka lile lile. Akanipa lenzi nimshikie. Naigeuza naona mstari mwembamba wa rangi ya kucha, nyekundu, pembeni karibu na pete ya kuzungushia. Ule mstari wanautia wenyewe dukani kuweka alama, lakini huu ulikuwa umechubuka katikati, na aliyeuchubua ni mimi siku ya sendofu kwa stendi ya taa. Nikatoa simu, nikafungua picha ya fomu ya makabidhiano, nikalinganisha namba tarakimu kwa tarakimu. Ni ile ile. Iliyoibiwa Morogoro.

Nikampigia mpelelezi. Akasema ndiyo, walimkamata fundi simu mmoja akiwa nayo, wakaipiga picha kwa ajili ya ushahidi, mwenye mali akaja akasaini akaichukua. Mimi niliyeandika maelezo sikuambiwa. Na lenzi hiyo ipo kwenye orodha ya madai mahakamani kwa bei kamili, 3,200,000, kama kitu kilichopotea. Kwa hiyo bima imemlipa lenzi, polisi wamemrudishia lenzi, anaikodisha hiyo lenzi, na mimi ananidai lenzi!

Wakili wangu amenifafanulia kwa maneno ya kueleweka. Bima ya mali ipo kumrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara, haipo kumtajirisha. Ukishalipwa, haki ya kumdai aliyesababisha hasara inahamia kwa kampuni ya bima kwa kiasi ilichokulipa, yaani bima inavaa viatu vyako. Na kilichopatikana baada ya malipo ni chao, unatakiwa uwaambie. Kwa hiyo mwenye duka kama ana pengo halali, ni ile ekses ya 1,840,000. Mimi niko tayari kuilipa, nimeiandika hata kwenye utetezi wangu. Toa laki tano yangu wanayoishikilia, inabaki 1,340,000. Wao wanataka 34,400,000.

Linaloninyima usingizi zaidi ni hili. Nikimlipa mwenye duka leo, hakuna kinachoizuia kampuni ya bima kuja kesho na viatu vyake kunidai 16,560,000 iliyotoa. Ndiyo maana wakili ameomba mahakama iiingize kampuni ya bima kama mtu wa tatu kwenye shauri, waje na ile hati ya malipo wenyewe, yaishe mara moja mbele ya hakimu mmoja.

Najua wapo watakaosema "ulisaini mwenyewe". Ni kweli nilisaini. Nyuma ya fomu kuna masharti 22 kwa Kiingereza, herufi ndogo kama za dawa ya mswaki, na sharti la 14 linasema mkodishwaji anabeba hatari zote. Tangu mwaka 2021 sheria yetu inasema lugha ya sheria na mahakama ni Kiswahili, lakini fomu ya kukodi kamera mtaani kwetu bado iko kwa Kiingereza, na ahadi ya kukulinda unapewa kwa Kiswahili, kwa mdomo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyepewa mali ya mtu aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida anavyotunza mali yake, na akifanya hivyo hawajibiki mali ikipotea, isipokuwa kama mkataba umesema vingine. Wao wameng'ang'ania hiyo "isipokuwa". Mimi nasema hivi: kama mkataba ulishanibebesha kila kitu, mlinitoza 90,000 ya nini?

Wengine mtauliza kwa nini sikwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, huduma ambayo mlalamikaji hailipii. Sikujua kama ipo. Nilipokuja kujua, kesi ilishafunguliwa mahakama ya wilaya na nilikuwa na siku 21 za kuleta utetezi wa maandishi, la sivyo hukumu inatoka upande mmoja. Kijana wa pikipiki akikuletea karatasi ya mahakama usiiweke juu ya friji ukasema utaisoma wikiendi, hizo siku zinahesabiwa tangu unapokabidhiwa. Mimi nilikimbizana nazo, ada ya wakili nikaipata kwa kuuza kamera yangu, ile moja niliyokuwa nayo. Kadi ya gari bado wanayo. Nikitaka kuweka gari rehani nipate mkopo siwezi, nikitaka kuiuza siwezi. Mke wangu ana mimba ya miezi saba na mimi nazunguka na bahasha za mahakama.

Tumeshawasilisha utetezi. Hatua inayofuata ni usuluhishi, Jumatano ijayo saa 3 asubuhi. Wakili anasema tukithibitisha kuwa kutoza "bima" ni desturi ya duka hili kwa wateja wote, wala si kosa la kalamu ya siku moja, hadithi yao ya ada ya huduma inakufa pale pale mezani.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mwenye uzoefu wa kuiingiza kampuni ya bima kama mtu wa tatu aniambie ilichukua muda gani na ni nyaraka gani aliambatanisha. La pili, mpiga picha, didjei, mtu wa jenereta, mtu wa mahema na viti, yeyote aliyewahi kukodi vifaa Dar akatozwa hela ya bima kwenye risiti ya mkono, aitafute hiyo risiti. Jina la duka sitalitaja hapa kwa sababu ya kesi, ila ukinionyesha muhuri nitajua kama ni wao. Ziba jina lako na namba ya simu, piga picha, nitumie kwa ujumbe binafsi kabla ya Jumanne jioni. Hata kama ni ya 30,000 ya siku moja, naihitaji.