Klabu ya kujifunza kuzungumza, na hakuna anayejua kunyamaza!

Wakuu, kabla hujaniandikia "kama hupendi, toka", soma kwanza mpaka mwisho. Nina dukuduku la wiki nzima na leo nalitoa lote.

Mimi ni mwanachama wa klabu ya kujifunza kuzungumza mbele ya watu. Siitaji, wahusika wakipita hapa watajijua. Huu ni mwaka wangu wa tatu. Niliingia nikiwa mtu ambaye akiambiwa tu ataje jina lake mbele ya watu kumi, magoti yanagongana. Leo nasimama na kuongea. Klabu imenisaidia, sikatai, na ndiyo sababu nina hasira. Ingekuwa haina maana ningeondoka kimya kimya kama walivyoondoka wengi.

Kikao chetu ni cha dakika 90. Saa 11:00 jioni hadi 12:30. Ratiba inachapwa vizuri, inagawiwa mlangoni, kila kipengele kina dakika zake pembeni. Halafu watu wanaitumia kujipepea.

Sasa sikilizeni. Wiki iliyopita nilikuwa na hotuba. Nilipoingia ukumbini nikawasha kinasa sauti cha simu, nia yangu nije nijisikilize nyumbani. Nikasahau kukizima. Usiku nikajikuta nina rekodi ya kikao kizima, kuanzia viti vinaburuzwa mpaka mtu anauliza nani ana ufunguo. Nikachukua kalamu na karatasi.

Saa 11:00 kamili tulikuwa watu 14 ndani. Tukaambiwa "tuwasubiri wenzetu kidogo". Hicho kidogo kilikuwa dakika 27. Zidisha mwenyewe: ni zaidi ya saa 6 za watu waliofika kwa wakati, zimetolewa zawadi kwa waliochelewa. Na waliochelewa wanajua hatutaanza bila wao, kwa hiyo wiki ijayo watachelewa tena. Aliyewahi ndiye anayeadhibiwa.

Tulianza 11:27, tukamaliza saa 2:05 usiku. Dakika 158. Katika hizo, hotuba tatu zilizoandaliwa zilichukua dakika 26. Tathmini zake, dakika 16. Maswali ya papo kwa papo, yale unayoitwa ghafla, unapewa mada hujaiona na unaongea hapo hapo, yaani kipengele ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachomfundisha mtu kuliko vyote, dakika 6. Watu watatu, kati ya wanane walioandikwa. Jumla ya yote tuliyokwenda kuyafanya: dakika 48.

Dakika 110 zilizobaki?

Utambulisho wa wageni na salamu, 19. Mwenyekiti kufungua, 17. Mwenyekiti huyo huyo na wenzake kushukuru na kufunga, 17 nyingine. Kusoma wasifu wa wazungumzaji, 14. Watu watatu, dakika 14! Mimi nilisomewa mpaka shule niliyosoma, kwa watu wanaonijua miaka mitatu. Na dakika 31, nusu saa na ushee, zilikwenda kwenye matangazo ambayo yaligeuka ugomvi wa rangi ya fulana za klabu. Fulana! Mpaka leo rangi haijapatikana.

Zile 12 za mwisho ni za bwana anayehesabu "eee" na "yaani" za watu. Kazi nzuri, naipenda, inatakiwa iwe ya dakika moja: fulani sita, fulani nne, kaa. Yeye alimchambua kila mtu mmoja mmoja, na katika kuchambua alisema "yaani" mara 41. Nimezihesabu. Sina maisha, najua.

Wenye klabu kama yetu mtaitambua lugha ya hizo dakika 110. Mtu anasimama: "Mimi sina mengi." Ukisikia hivyo, tafuta pa kuegemea. Anafuata mwingine: "Mwenzangu amemaliza yote, mimi naongezea kidogo tu pale alipoishia." Kama amemaliza yote, unaongezea wapi? Halafu "itifaki imezingatiwa", baada ya hapo anaitaja itifaki yote, cheo kwa cheo, kuanzia mlezi mpaka mweka hazina msaidizi. Na mwisho "kwa hayo machache". Machache! Mwaka 1960 Fidel Castro alianza hotuba yake Umoja wa Mataifa kwa kuwatoa wajumbe wasiwasi kwamba atajitahidi kuwa mfupi. Akaongea saa 4 na dakika 29. Angalau yeye alikuwa na nchi ya kuisemea. Sisi tuna fulana.

Sasa naomba niseme kilichoniuma hasa, maana kuchelewa kurudi nyumbani nimeshakuzoea.

Kwanza, hotuba yangu. Ilitakiwa iwe ya dakika 5 hadi 7. Nilipokaa chini nilijiona nimepiga saba safi. Mtathmini wangu akasimama, akasema mbele ya watu wote kwamba nimeutumia muda wangu vizuri sana. Watu wakapiga makofi, na mimi nikatabasamu kama mjinga. Rekodi inasema dakika 11 na sekunde 40. Zaidi ya mara mbili ya kiwango cha chini nilichotakiwa kufikia! Mtunza saa alikuwa wapi? Alikuwepo, ameketi mbele, kadi zake tatu za rangi za kuonya muda ziko mezani, anaandika ujumbe kwenye simu. Hakuna kadi iliyoinuka. Mwishoni akatoa ripoti: "Wazungumzaji wote walijitahidi kuzingatia muda."

Mnaona ubaya wake? Nimetoa ada na muda wangu kwenda mahali ninapotakiwa kuambiwa ukweli kuhusu uzungumzaji wangu, nikadanganywa kwa adabu. Siku nikienda kuongea kwenye kikao cha kazini nikapewa dakika 7, nitakatwa dakika ya saba sijafika hata kwenye hoja, na nitashangaa, maana klabuni niliambiwa niko vizuri.

Pili, na hili ndilo lililonifanya nifungue uzi. Kulikuwa na dada mgeni, ana kama miezi miwili nasi. Ilikuwa zamu yake ya hotuba ya kwanza, ile ya kujitambulisha. Alikuwa ameahirishwa kikao kilichopita kwa sababu "muda umetutupa mkono". Safari hii akawekwa wa tatu. Nilikaa naye, nikamwona anavyoikunja na kuikunjua karatasi yake. Ilipofika zamu yake, ilikuwa imepita saa 1:00 usiku, watu wameanza kutoka mmoja mmoja. Mshereheshaji akamwambia, "Dada yangu, muda umetutupa mkono, tunaomba ufupishe, kama dakika mbili hivi."

Ameombwa afupishe na nani? Na watu waliotumia dakika 34 kufungua na kufunga mlango!

Binti alisimama, akatafuta kwenye karatasi mahali pa kukata, akapotea, akaanza upya, akavumilia dakika 7 na sekunde kidogo huku watu wanaangalia saa. Namvulia kofia kwa kutokubali zile dakika mbili. Akashuka macho yamejaa maji. Mtathmini wake akatumia dakika 9 kumweleza kwamba hakuwa na mtiririko. Dakika 9 kutathmini hotuba ya 7! Kwenye kundi letu la simu ameaga jana.

Mtaniambia hizi ni tabia za watu, hazina dawa. Zina dawa, na dawa imeshatimiza miaka mia. Klabu yetu si ya Toastmasters, ule mtandao wa kimataifa wa klabu za kujifunza kuzungumza, lakini aliyeianzisha alipitia huko na tuliiga utaratibu wao karibu wote: majina ya kazi, kadi za rangi, hata kupeana mikono jukwaani. Ralph Smedley, mwanzilishi wao, alipoanzisha klabu yake pale Santa Ana, California, Oktoba 1924, alikuwa anataka watu wa kawaida wapate zamu ya kuongea na kukosolewa. Ukiwa na watu wengi na zamu moja moja, lazima saa iwe mkubwa wa kikao. Ndiyo maana wao hotuba ya kawaida ina dakika 5 hadi 7: kijani ya tano, njano ya sita, nyekundu ya saba. Papo kwa papo dakika 1 hadi 2. Tathmini 2 hadi 3. Kwenye mashindano yao ukivuka dakika 7 na sekunde 30 umeondolewa, hata kama ukumbi mzima unalia kwa utamu wa maneno yako. Sisi tuliiga kadi tukaacha saa.

Na kadi zenyewe najua kwa nini haziinuki. Mtunza saa kwetu hupewa mwanachama mpya, "kazi rahisi ya kuanzia". Sasa wewe una wiki tatu klabuni, unamwinulia kadi nyekundu mzee mwenye nywele nyeupe anayesimulia alivyoanza maisha? Utaonekana huna malezi. Kwa hiyo kadi inakaa mezani, heshima inalindwa, na watu 20 wanakaa mateka. Waathene wa zamani walilijua hili tatizo. Mahakamani kwao walipima muda kwa chombo cha maji chenye tundu chini. Maji yanatiririka unavyoongea, yakikatika umemaliza. Waliyaziba katikati pale hati au ushahidi uliposomwa, basi. Chombo hakina aibu, hakijui huyu ni mlezi wa klabu. Sisi tumechukua kazi ya chombo tukampa binadamu mwenye haya, tena mdogo kuliko wote.

Nilichopendekeza kwenye kundi ni hiki, na ndicho kilichoniletea matusi. Tuanze saa 11:00 hata tukiwa watatu. Mlango ukifunguliwa saa 11:20 na mtu akakuta hotuba ya kwanza inakwisha, hatachelewa tena, au atachelewa lakini hatatuchelewesha. Matangazo yote yahamie kwenye kundi la simu, fulana zikagombaniwe huko. Wasifu wa mzungumzaji uwe sentensi mbili alizoziandika mwenyewe. Hotuba na papo kwa papo vitangulie, mwenyekiti aongee mwisho, kwa dakika zitakazobaki, na zisipobaki atuage kwa mkono. Mtunza saa awe mtu mzito, ikiwezekana mwenyekiti aliyemaliza muda wake, tena awe na kengele, kwa sababu kadi unaweza kujifanya hujaiona. Na saa 12:30 taa zizimwe.

Mmoja akanijibu kwamba nataka kuleta udikteta. Mwingine, huyu namheshimu kweli, akasema klabu ni udugu, na udugu haupimwi kwa saa. Hili nimelifikiria siku mbili. Ni kweli watu wengine wanakuja kwa ajili ya kuonana tu, na zile stori za baada ya kikao ni tamu. Basi ziwe za baada ya kikao! Kikao kikiisha saa 12:30, anayetaka udugu abaki mpaka usiku wa manane, na mimi nitabaki siku nyingine. Lakini mwenye mtoto nyumbani, mwenye zamu ya usiku, mwenye safari ndefu, awe ameshaongea, ameshakosolewa, ameondoka. Kwa utaratibu wa sasa anayebaki mpaka mwisho ni yule asiye na pa kwenda, na huyo ndiye tunayemchagua kwenye uongozi.

Mwenyekiti mwenyewe alijibu kwa ujumbe wa sauti. Dakika 6 na sekunde 12. Alianza kwa kusema hana mengi.

Basi nimejiandikisha kuwa mtunza saa wa kikao kijacho. Hakuna aliyepinga, nadhani wanasubiri waone. Nimepata kengele, ya mezani, ile ya kubonyeza kwa juu, inalia vibaya kweli. Dada yule nimemwandikia kumwomba arudi kwa kikao hicho kimoja tu, bado hajanijibu. Kwenye ratiba mpya iliyotoka leo mchana, wa kwanza kabisa kuongea ni mwenyekiti, dakika 3, "neno la ufunguzi".

Wakuu mliopitia haya, nauliza kwa dhati: yupo aliyewahi kumpigia kengele mwenyekiti wake, na ikawaje? Ulibonyeza mara moja ukasubiri, au unaendelea kubonyeza mpaka akae?