Naombeni ushauri: nataka cheti cha ualimu wa jimu, nianzie wapi?

Vyuma_Mbagala
Wakuu habari za mchana. Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Mbagala. Vyuma nabeba tangu nimalize kidato cha nne, na huu ni mwaka wa pili nasaidia wateja kwenye jimu moja, jina tuliache. Mshahara hakuna, ni nauli tu na chochote mteja atakachokushikisha. Sasa nataka niwe mwalimu wa mazoezi mwenye cheti kinachotambulika.

Nimeperuzi nikakutana na vyeti vya mashirika ya Marekani, ACE, NASM, ISSA, ACSM, mpaka kichwa kinauma. Vingine ni dola mia kadhaa, hela hiyo kwa mkupuo sina. Naomba kujua kipi kinaheshimika, mtihani wake ukoje, na kama kuna njia ya mkato. Nijibuni haraka kidogo, nina kama wiki mbili hivi. Matusi sitaki.

Mzee wa Dafu
Nimetandika mkeka. Wajuzi waje.

Kipara Asiye na Deni
Tangu lini mazoezi yakawa na cheti? Babu yangu Kilwa amelima kwa jembe la mkono mpaka miaka 80, tumbo lina vipande sita kama chokoleti, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia "vuta pumzi, toa pumzi". Nyie watoto wa mjini mnalipia kubeba chuma na kukirudisha palepale.

Mnyamwezi_Deira
Mleta mada nikujibu maana nimepita njia hiyo. Kati ya ulivyotaja, ACE na NASM ndivyo waajiri wengi wa nje wanavijua. Ukikuta kingine, angalia kama mtihani wake umeidhinishwa na NCCA ya Marekani, wale wanaokagua ubora wa vyeti, maana vyuo vya mtandaoni ni vingi kama uyoga. ACE ni maswali 150 kwa saa 3, unatakiwa ufikishe 500 kwenye kipimo kinachoishia 800. NASM ni maswali 120 kwa saa 2, alama ya kufaulu 70, na hiyo 70 si asilimia ya uliyopatia, wana hesabu zao. Vyote uwe na miaka 18, na uwe na cheti cha kufufua moyo pamoja na kutumia ile mashine ya kushtua. Baada ya miaka 2 unasoma tena kidogo ili kisife.

Mimi nilikuwa mlinzi wa geti hapa Dubai, zamu ya usiku. Nikachora mtu mzima mzima kwenye boksi la friji, mbele na mgongo, nikabandika majina ya misuli, nikalisimamisha kwenye kibanda. Magari ya saa nane usiku yanapita, mimi nakariri misuli ya makalio. Mara ya kwanza nilifeli. Nilidhani wataniuliza majina, kumbe wanauliza hivi: mteja anachuchumaa mikono ikiwa juu, magoti yanaingia ndani, msuli upi umekaza na upi umelala? Wa paja la ndani umekaza, wa pembeni mwa kalio umelala. Ndiyo maana kumwongezea uzito huyo ni kumuumiza. Huku pia ukiomba kazi wanakuuliza usajili wa REPs, yaani daftari la walimu wa mazoezi wanaotambulika, misuli yako hawaiangalii.

Ticha Mstaafu
Kijana, kabla hujakimbilia dola, nyumbani kuna chuo cha michezo Malya, wilaya ya Kwimba, Mwanza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Watu mnadharau vya kwenu. Mimi nilifundisha michezo sekondari miaka 23, nimepeleka timu UMISSETA kwa lori, watoto wanalala kwenye madarasa, na hakuna aliyevunjika. Siku hizi kijana akiota kifua tu anajiita kocha. Haraka haraka haina baraka.

Vyuma_Mbagala
Asante Mnyamwezi. Mzee wangu shikamoo, Malya ni mbali na mimi sina wiki mbili za kukaa huko, sembuse miaka.

Nesi wa Zamu
Hizo wiki mbili ndizo zinanisumbua. Kwenye maelezo ya Mnyamwezi hakuna kitu mtu anaanza leo akamaliza kwa wiki mbili. Kumetokea nini?

Vyuma_Mbagala
Hakuna kilichotokea dada. Bosi tu anataka vyeti vya wote.

Mama Wawili
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mtu aliyejifungua kwa upasuaji miezi minne iliyopita anaweza kuanza mazoezi ya tumbo? Nguo zangu zote zimenikataa.

Kipara Asiye na Deni
Mama Wawili nguo ndizo zimenenepa, usijisumbue.

Nesi wa Zamu
Mama Wawili, muulize daktari aliyekufanyia, kila kidonda kina historia yake. Vyuma, bosi aliyekaa miaka miwili hajaulizia karatasi, leo kaamka nayo tu? Sema.

Vyuma_Mbagala
Haya. Wiki iliyopita mteja wangu alidondoka. Ni mama wa miaka 52, ana bidii kuliko vijana. Nilikuwa nampa zoezi la kusukuma dambeli juu ya kichwa, ameketi, kilo 6 kila mkono. Mimi namwambia "bana pumzi mama, bana, sukuma". Mara ya nane akazishusha, akasema "mwanangu naona giza", akateleza pale kwenye benchi kama kanga. Nilimdaka kichwa. Akazinduka, haikufika dakika. Tukampeleka zahanati kwa bajaji.

Kumbe ana presha, anameza dawa kila siku, mimi hakuniambia! Sasa mtoto wake alikuja jimu kuuliza aliyekuwa anamfundisha mama ni nani na amesomea wapi. Bosi kaniambia mpaka mwisho wa mwezi niwe na cheti, la sivyo akiulizwa tena atasema hanijui.

Mzee wa Dafu
Mkeka umepata moto.

Nesi wa Zamu
Hakukuambia, au hukumuuliza? Hayo ni mambo mawili.

Mtu akibana pumzi huku anasukuma kitu kizito, presha inapanda ghafla. Akiachia, inashuka ghafla, damu ya kichwani inapungua, ndiyo hilo giza. Kijana mzima anaweza kulivumilia. Mama wa 52 mwenye dawa za presha ni habari nyingine. Kwenye kusukuma anatakiwa atoe pumzi, si abane. Na kuna dawa za presha, atenolol kwa mfano, zinapunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo ile hesabu yenu ya jimu ya kukadiria mwisho wa mapigo, 220 kutoa umri, inakudanganya: utaona mapigo yake bado ni ya chini, useme bado ana nguvu, kumbe amefika mwisho.

Vyuma_Mbagala
Sasa dada, kila anayeingia nimpe fomu kama hospitali? Kwetu watu wanalipa elfu mbili kwa siku, wengine wanakuja na suruali za kazini. Ukianza kuuliza magonjwa wanakuona mchawi. Na mimi huyo mama nimempunguza kilo 7, hilo hamsemi.

Bibi Sukari
Mimi nina kisukari, nilidondoka kwenye mbio za taratibu za ofisini, nimevaa fulana ya kampuni na kofia. Nilikuwa nimechoma sindano asubuhi, nikakimbia bila kula, najiona mkakamavu. Aliyeniokoa ni muuza miwa. Kocha wa siku hiyo alikuwa na filimbi nzuri sana shingoni. Cheti sijui kama alikuwa nacho, lakini pipi mfukoni hakuwa nayo.

Ticha Mstaafu
Zamani kijana akikosea anaenda kwa mzazi wa aliyekosewa, na mtu mzima mmoja wa kumsindikiza, na kilo mbili za sukari. Siku hizi anaenda mtandaoni.

Vyuma_Mbagala
Nawaheshimu wote, ila niwe mkweli. Kuna jamaa Kariakoo anatengeneza. Nimeona kazi yake, kina nembo, kina ule muhuri unaong'aa ukikigeuza. Ni laki tatu, nimeshatanguliza laki na nusu, nakichukua Jumamosi. Msinitolee povu. Ujuzi ninao, karatasi tu ndiyo sina. Nikishatulia nitasoma hicho cha kweli, hata mwezi wa kumi. Nilichouliza hapa ni kipi kinaheshimika ili nimwambie aandike kipi.

Mnyamwezi_Deira
Kumbe nimeandika insha nzima kumsaidia mtu achague nembo ya kughushi.

Mkuu, ACE na NASM wote wana ukurasa wa kuhakiki. Huyo mtoto wa mama akiwa na simu na bando la mia tano, anaandika jina lako, halitoki. Hapo ndipo kesi ya kuzimia inageuka kesi nyingine.

Wakili wa Mtaani
Kughushi nyaraka ni jinai, soma Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Mama kuzimia unaweza kueleza ikaeleweka. Cheti feki utaeleza nini?

Kipara Asiye na Deni
Mwambie aandike Chuo Kikuu cha Kilwa, kitivo cha jembe. Babu atasaini.

Chai Maharage
Wakuu mnanyweshwa chai na nyie mnaomba kitafunwa.

Hana mshahara, anaishi kwa nauli, ila laki na nusu katanguliza. Jimu ya elfu mbili Mbagala, lakini mama wa 52 ana kocha wa kumhesabia moja mpaka nane. Na mwaka jana kulikuwa na uzi wa mtu wa masaji, mteja kazimia mezani, akatokea "mtu wa Dubai" kueleza kozi za nje na idadi ya maswali, mwisho watu wakaitwa PM wauziwe vitabu. Mnyamwezi na mleta mada ni mtu mmoja mwenye simu mbili. Mniambie nilikaa hapa.

Mnyamwezi_Deira
Nimewahi kumwita nani PM? Nipo hapa tangu 2014, nyuzi zangu nyingi ni za Yanga. Nitauzaje vitabu mimi?

Chai Maharage
Yanga ndiyo ushahidi wa kwanza.

Mzee wa Dafu
Hapa mkeka nimeukunja nimekaa wima.

Mama Wawili
Na mimi mtu wa masaji namkumbuka. Ila yule alisema mteja ni mzungu.

Vyuma_Mbagala
Mimi si tapeli. Mnataka nini, picha? Dambeli zenyewe ni zile zilizopakwa plastiki, moja imechanika, tumeizungushia gundi ya nailoni nyeusi. Gundi ile inaacha weusi mkononi, na mama alikuwa nao kiganjani pale zahanati, nesi akadhani ni damu iliyovilia. Hiyo naitunga ili iweje?

Na hela mnayouliza. Ni ya mchezo wa mke wangu. Ilikuwa zamu yake kupokea, akaniachia niiweke kwenye simu. Hajui.

Na yule mama hakuwa mteja wa elfu mbili. Alikuwa ananilipa mimi mkononi, elfu kumi kwa siku, mara tatu kwa wiki, tunafanya saa tano asubuhi bosi akiwa hayupo. Ndiyo maana bosi amechachamaa. Haya, mmefurahi?

Kipara Asiye na Deni
Jukwaa lihamishwe, hii sasa ni ya mahusiano. Mkuu, presha ya mama tutaimudu, ya mke akiulizia hela ya mchezo hakuna nesi.

Wakili wa Mtaani
Kwa hiyo jimu ya mtu, vyuma vya mtu, mteja wako binafsi, kwa siri. Bosi akisema hakujui, nusu atakuwa anasema kweli.

Vyuma_Mbagala
Elfu kumi mara tatu ndiyo iliyokuwa inalipa kodi yangu. Na wala simlaumu mama.

Nesi wa Zamu
Tangu siku hiyo umeongea naye?

Vyuma_Mbagala
Anapiga. Mara nne jana. Naiangalia tu simu inaita. Najua atakachosema.

Nesi wa Zamu
Mpigie leo. Cheti usikitaje. Muulize haya, ndiyo yaliyopo kwenye ile fomu unayosema ni ya uchawi, na ni saba tu: Daktari aliwahi kumwambia ana tatizo la moyo au presha? Anaumwa kifua akipumzika au akifanya kazi? Amepata kizunguzungu au kuzimia ndani ya miezi 12? Ana ugonjwa mwingine wa muda mrefu? Anameza dawa ya ugonjwa huo? Ana mfupa au kiungo kinachoweza kuharibika akizidisha mazoezi? Daktari amewahi kumwambia afanye mazoezi chini ya uangalizi wa kitabibu tu? "Ndiyo" hata moja, unasimama, anapelekwa kwa daktari kwanza. Dakika tatu. Ungezitumia siku ya kwanza tusingekuwa hapa.

Chai Maharage
Naona script inaendelea vizuri. Bei ya kitabu inakuja.

Vyuma_Mbagala
Nimempigia.

Alikuwa ananitafuta kuulizia kandambili zake, alizisahau chini ya benchi. Mara nne zote ni kandambili. Akaniuliza tutaanza lini tena, mtoto wake asijue.

Nikamuuliza yale saba. Kajibu ndiyo manne. Lile la kizunguzungu kasema kilianza Ramadhani. Kwetu ni ghorofa ya pili, akifika anakaa kwanza kwenye ngazi na pochi yake mapajani, kama dakika kumi, ndipo anapanda. Mimi nilikuwa nampita pale namsalimia. Nilidhani anasubiri mtu.

Bibi Sukari
Mungu wangu.

Chai Maharage
Ghorofa ya pili hukuitaja mwanzo.

Mama Wawili
Chai, hebu nyamaza kidogo.

Mnyamwezi_Deira
Mkuu, kitabu nilichosomea bado ninacho, kina mafuta ya sambusa lakini kinasomeka. Kuna mtu anarudi Dar tarehe 20, nitampa. Bure, Chai ashuhudie. Ila nijibu kwanza: na Jumamosi je?

Wakili wa Mtaani
Swali hilo.

Mzee wa Dafu
Mleta mada yupo, naona taa yake ya kijani inawaka.