Cheni ina kutu na giya inaruka, nibadilishe cheni tu?

Assalamu alaikum. Baskeli ya giya 21, inapita sana ufukweni Paje mpaka Jambiani maji yakishakupwa. Ukikanyaga kwa nguvu, giya ndogo ya nyuma inaruka. Cheni mpya itatosha?

— Waalaikum salaam. Pima kwanza. Anzia katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Cheni mpya ni milimita 304.8. Ikikaribia 307, badilisha. Ikifika 308, meno ya nyuma nayo yashaliwa. Cheni mpya peke yake itaruka vilevile, pengine zaidi. Nunua cheni ya giya 6 hadi 8 za nyuma (giya 21 ni 3 za mbele mara 7 za nyuma).

— Nyongeza: chumvi ikikaa inavuta unyevu, kutu haiishi. Osha siku hiyohiyo kwa maji baridi ya ndoo na brashi, usielekeze mpira wa maji kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Kausha, tone moja la oili kila rola (kijiringi kwenye pini ya cheni), zungusha pedeli kinyume, kisha futa nje mpaka kitambaa kitoke kikavu. Oili ikibaki nje ya cheni inashika mchanga, inasaga kama msasa.

— Oili ya cherehani jee?

— Nyepesi mno, haikai. Na oili chafu ya gari usitie kabisa, ina vumbi la chuma.