Tuliopigwa na kimbunga Marekani: bima ya nyumba ilikulipa au ilikukwepa? Tupeane uzoefu

MamaKaty

Wakuu, habari za kwenu. Wakubwa zangu shikamooni.

Msimu wa vimbunga umefunguliwa tangu Juni 1 na hautakwisha mpaka Novemba 30. Mimi mvua kubwa ikinyesha usiku bado naamka kwenda kuchungulia mtaro wa mbele ya nyumba. Watu wetu wengi sasa wananunua nyumba Texas, Florida na Louisiana, na wakikutana kwenye harusi au msiba wanaulizana riba ya mkopo. Bima haiulizwi mpaka siku ya kilio. Naanza mimi, nanyi mlete yenu. Naomba tusitaje jina la kampuni wala la mtu, tueleze tu kilichotokea.

Tulinunua nyumba Katy, magharibi mwa Houston, mwaka 2013, si mbali na bwawa la Barker. Siku ya kukata bima nilimwuliza wakala kwa mdomo wangu: na mafuriko je? Akafungua ramani, akasema hapa si eneo la hatari, benki haikulazimishi, ya nini kujitwisha gharama? Ingekuwa kama dola 450 kwa mwaka. Tukaiacha.

Kimbunga Harvey kilitua karibu na Rockport usiku wa Agosti 25, 2017, kikasogea, kikakaa juu yetu siku na siku. Kule Nederland kipimo cha mvua kilifika inchi 60 na ushee, yaani mita moja na nusu ya maji kutoka mbinguni. Kwetu mvua yenyewe ilipita mtaroni. Kilichotuingilia ni maji ya bwawa yaliyojaa na kurudi nyuma, tena baada ya sisi kudhani tumeshapona. Yaliingia alfajiri bila kelele, chini ya mlango wa gereji, mpaka yakafika magotini. Mume wangu alimbeba mama yangu mgongoni hadi kwenye boti ya mtu tusiyemjua. Mimi nilifunga paspoti na hati za nyumba kwenye kanga, nikajitwika.

Mkaguzi wa bima alikuja siku ya tisa. Chumbani kwa mwanangu upepo ulikuwa umeng'oa vigae vya paa, mvua ikapita, dari ikashuka. Akasema hii tunalipa. Chumba hicho hicho, chini, jipsamu ya ukuta imelowa, zulia linanuka, sakafu imevimba. Akasema hii hatulipi. Nikamwuliza tofauti ni nini. Akanyoosha kidole juu, kisha chini. Mvua iliyopita kwenye tundu lililofanywa na upepo ni ya bima ya nyumba. Maji yaliyopanda kutoka ardhini ni mafuriko, na mafuriko hayamo kwenye mkataba.

Tulilipwa dola 2,300 za dari. Matengenezo yalifika 94,000. Tofauti tuliiziba kwa mkopo wa maafa wa serikali, wa miaka 30, na bado tunaulipa. Mkataba nimeusoma mara nyingi tangu siku ile, na neno kwamba mafuriko hayalipwi lilikuwamo, ukurasa wa 11. Kwa hiyo siwezi kusema mkataba ulinidanganya. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba niliuliza, na niliyemwuliza alikuwa anajua.

BintiKilifi

Mama pole sana, nimesoma hapo kwenye kanga nikalia.

Yangu ni ya Ian, Septemba 28, 2022, Cape Coral, Florida. Mimi nilikuwa na bima zote mbili, ya upepo kampuni moja na ya mafuriko kampuni nyingine, nikajiona nimejikinga kweli kweli. Kumbe nimejiweka kati ya fahali wawili.

Upepo ulitangulia, ukachukua vigae na dirisha la sebuleni. Bahari ikafuata. Tuliporudi, ukutani palikuwa na mstari wa tope kuzunguka nyumba nzima, umenyooka kama umepigwa kwa rula. Nikachukua tepu yangu ya cherehani nikaupima: futi 3 na inchi 2. Nikaupiga picha kila chumba, tepu ikionekana. Nawaambia, picha zile ndizo zilizoniokoa.

Mkaguzi wa mafuriko akasema yeye analipa chini ya mstari, juu ya mstari ni mambo ya upepo. Wa upepo akasema nyumba imebomolewa na bahari, akamleta mhandisi, mhandisi akaandika kurasa 22 kuthibitisha hayo. Makabati ya jikoni ya juu yalikuwa yamevimba kwa mvua iliyopita dirishani, saa kadhaa kabla ya bahari kufika. Hakuna aliyeyataka. Milango ilikuwa nusu chini ya mstari, nusu juu. Nikaambiwa na kila upande nikamwulize mwenzake.

Miezi 14, wapendwa. Watoto wawili, chumba kimoja cha moteli, halafu kwa dada yangu Orlando. Mwisho kampuni ya upepo ilibadilisha msimamo nilipopata video ya jirani aliyekuwa amebaki kwake: saa inaonekana, mtaa mkavu, paa langu tayari limefunguka. Hapo ndipo walipolipa paa, dirisha na jiko.

Na hundi ilipokuja ikaja na majina mawili, langu na la benki iliyonikopesha nyumba.

KijanaWaKinondoni

Dada pole. Samahani, nipo Dar na haya mambo mageni kwangu. Benki inaingiaje kwenye hundi yako? Mei 2024 Hidaya ilipopita kusini, baba mdogo wangu aliezuliwa bati huko Kilwa, hakukuwa na wa kumdai hata senti. Nilidhani nyie huko mnalipwa tu.

BintiKilifi

Kaka, mpaka mkopo uishe nyumba ni dhamana ya benki, kwa hiyo kwenye mkataba wa bima imeandikwa pamoja nawe. Hundi kubwa huwezi kuiweka kwako mpaka benki isaini. Ya kwangu waliichukua wakawa wananipa mafungu matatu. Theluthi mwanzo, theluthi kazi ikifika nusu na mtu wao akaja kukagua, iliyobaki mwisho. Sasa fundi naye anataka nusu kabla hajanunua hata msumari. Wiki saba turubai la bluu lilikuwa juu ya nyumba, na pesa zangu zipo, nimezipata, sizigusi.

BukavuHouston

Jambo ndugu na dada zangu.

Mimi ni Beryl, Julai 8, 2024. Watu wanasema ilikuwa kimbunga kidogo, daraja la kwanza tu. Lakini zaidi ya nyumba na biashara milioni 2 zilibaki bila umeme, na kwetu giza lilikaa siku nane. Mti wa jirani ulilala juu ya paa langu, upande wa jikoni.

Mkaguzi alikuja, mtu wa heshima, akapima vizuri. Hasara: dola 5,900. Nikashukuru Mungu. Barua ikaja: malipo ni sifuri. Nikafikiri ni kosa. Nikapiga simu, binti akaniambia, bwana, soma ukurasa wa mbele wa mkataba wako. Kuna mistari miwili. Mvua ya mawe na upepo wa kawaida, mimi najilipia mwenyewe kwanza 1%. Kimbunga chenye jina, najilipia kwanza 2%. Na asilimia hizo hazihesabiwi kwenye hasara, zinahesabiwa kwenye thamani yote ya nyumba waliyoikatia bima. Nyumba yangu waliiandika 340,000. Basi dola 6,800 za kwanza ni zangu. Hasara haikufika hapo, sikupata hata franga moja. Upepo ule ule ukija bila kupewa jina, mimi ningelipwa 2,500.

Halafu akaja fundi mlangoni, hatujuani, akasema usijali, nitaandika bei kubwa, sehemu yako nitaimeza mimi. Mke wangu akakataa. Baadaye tukajua kwamba Texas hiyo ni kosa la sheria tangu 2019, kwa fundi na hata kwa mwenye nyumba anayekubali.

Kitu kimoja walinilipa: chakula kilichooza kwenye friza, kwa sababu mkataba wangu una dola 500 za hicho bila makato, yaani bila mimi kujilipia kwanza. Samaki, nyama, na sombe (nyinyi mnaita kisamvu) ambayo mama alitwanga mwenyewe alipotutembelea. Hiyo sombe nimeiandika kwenye orodha dola 12.

MpandaPaa

Nimesita kuandika kwa sababu nilikuwa upande wa pili. Baada ya Laura na Delta, 2020, nilifanya ukaguzi wa hasara Louisiana, si kama mwajiriwa wa bima ila kama mkaguzi wa kukodiwa. Nilikuwa nalipwa kwa kila faili. Nyumba sita, saba kwa siku, jioni moteli kuandika ripoti mpaka saa nane usiku. Sikuwahi kuambiwa na mtu "wanyime". Ila nyumba ninayoitumia dakika 25 siwezi kuiona kama anayelala humo, na nisichokiona hakiandikwi, kisichoandikwa hakilipwi. Hiyo ndiyo hali, na niliiacha kazi ile kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo mkaguzi akija, uwepo nyumbani. Mpeleke mwenyewe darini, mfungulie kabati, mwonyeshe nyuma ya friji. Kama una fundi unayemwamini awepo pia, na awe ameandika makadirio yake kipengele kwa kipengele. Karatasi yenye mstari mmoja "paa dola 18,000" haisaidii kitu. Ukilinganisha makadirio mawili ndipo utaona mkaguzi amesahau kuhesabu kubomoa, au kutupa taka, au rangi ya ukuta mzima.

Jambo ambalo wengi hulipoteza ni hundi ya pili. Kama mkataba wako unalipa thamani ya kitu kipya, hundi ya kwanza huja imekatwa uchakavu. Paa la miaka 15 hukatwa pesa nyingi. Zile zilizokatwa ni zako, lakini unazidai ukishamaliza kazi na kuleta risiti, na kuna muda wake. Nilikutana na watu waliopokea hundi ya kwanza wakadhani ndiyo basi, wakaishi chini ya paa lenye viraka. Kama mkataba unalipa thamani iliyobaki tu, hiyo hundi ya pili haipo. Angalia sasa, usingoje.

Na simu zote zifuatishe kwa maandishi. "Leo saa nne nimeongea na fulani, akasema hivi." Texas sheria inawapa siku 15 kukiri kwamba wamepokea dai lako, na wakishapata karatasi zote siku 15 za kazi kukubali au kukataa. Baada ya maafa makubwa huongezewa siku nyingine 15. Bila maandishi hizo siku utazihesabuje?

MzeeWaZiwa

Vijana wangu, mimi nimo Lake Charles, Louisiana. Laura ilitupiga Agosti 27, 2020, Delta ikaja Oktoba 9 tukiwa bado na maturubai juu. Bima ikaanza kubishana maji haya ni ya nani, ya kimbunga cha kwanza au cha pili.

Tukasuluhishwa, tukakubaliana kiasi, nikasaini. Kabla pesa haijafika, Ida ikapiga upande wa New Orleans Agosti 2021, na kampuni yangu ikafilisika. Si ya kwangu peke yake, zilianguka kadhaa Louisiana. Dai langu likahamishiwa kwenye mfuko wa dhamana wa jimbo, na huko ikabidi nianze kueleza upya, mtu mpya, picha zile zile. Nililipwa mwaka 2023. Mke wangu hakuiona jiko lile likikamilika.

MamaKaty

Mzee wangu, pole sana. Mungu amrehemu mama. Jiko lenyewe ulilimalizia alivyotaka yeye?

MzeeWaZiwa

Ndiyo. Makabati ya kijani.

MgeniPearland

Shikamooni. Nimesoma uzi wote tangu asubuhi, nipo kazini mikono inatetemeka. Tunasaini nyumba yetu ya kwanza Ijumaa hii, Pearland, karibu na Houston. Tumeambiwa maneno yale yale, si eneo la hatari, hamlazimiki. Nimeambiwa pia bima ya mafuriko haianzi mpaka zipite siku 30, kwa hiyo mume wangu anasema mwaka huu tushachelewa, tuikate mwakani.

MamaKaty

Marahaba mwanangu. Usiondoke hapo ulipo, nisikilize.

Siku 30 ni kweli kwa anayeinunua hivi hivi. Lakini ile ya mpango wa serikali, ukiinunua kwa ajili ya kusaini mkopo wa nyumba, haisubiri. Inaanza siku ya kusaini. Mlango huo uko wazi kwako mpaka Ijumaa, Jumatatu utakuwa kwenye siku 30 kama sisi wengine. Nyumba inakingwa hadi dola 250,000. Vyombo ni fungu lake, hadi 100,000, na usipovitaja havimo. Taja vyote viwili. Mwambie wakala akuandikie tarehe ya kuanza kwenye barua pepe, usikubali ya mdomo. Na ukiwa naye kwenye simu mwulize ile asilimia ya kimbunga chenye jina ambayo ndugu wa Bukavu ameitaja.

MgeniPearland

Ahsante mama. Nimetoka nje kumpigia. Ameniuliza nani kanishauri. Barua pepe imeingia sasa hivi: nyumba na vyombo, inaanza Ijumaa.